Kipigo Langoni mwa Masista

Fimbo ilipopasua gauni la mtoto mgongoni, Marcellin alitupa ufagio na kukimbilia langoni.

Jamani, kweli kuna baba wa namna hii? Mji wote wa Masisi ulikuwa barabarani, siku ya soko, naye Sebahire hakuona pengine pa kumpigia binti yake ila hapa, mbele ya misioni, machoni pa masista! Epiphanie alikuwa chini kwenye matope, analia mpaka sauti inakatika. Njia ilikuwa wazi, angeweza kukimbia. Hakukimbia. Alijikunja tu, mikono ameificha tumboni, na baba yake akaendelea kumchapa miguuni.

"Papa Sebahire, acha! Utaua mutoto!"

"Iko mutoto wangu! Leo anaolewa na ule muzee wa Rubaya, apende ao asipende!"

Marcellin alimjua vizuri mtu huyu. Tangu Pasaka alikuwa akija, kofia mkononi, kuku kwapani, kumwombea binti nafasi ya kusoma kwa masista. Vilima vyote vile havikuwa na darasa lingine la wasichana. Na Marcellin, mlinzi wa lango, alimjibu kila mara kwa upole: "Nafasi iko kidogo, papa. Masista wanapokea tu wale wenye wanateswa kwao, ao wanaozwa kwa nguvu. Wewe unapenda mutoto wako. Rudi naye."

Leo alijiona mjinga kabisa. Kumbe adabu yote ile ilikuwa unafiki!

Akawaita waashi waliokuwa wakijenga kanisa. Walimrukia Sebahire, wakampokonya fimbo, wakamshindilia ngumi na mateke mpaka jino likamtoka. Marcellin mwenyewe aliiokota ile fimbo akamchapa nayo, na tusidanganyane, moyo wake ulifurahi. Sista mkuu akatoka mbio, akambeba Epiphanie mikononi, damu ikiichafua kanzu yake nyeupe.

"Hatarudi kwako tena," alimwambia Sebahire kwa hasira. "Kuanzia leo atalala hapa na kusoma hapa."

Lango likafungwa kwa kufuli. Watu wa soko wakashangilia, wengine wakamtemea Sebahire mate, kisha wakarudi kwenye viazi vyao.

Sebahire alijiburuta mpaka ukutani, akakaa. Jicho moja lilikuwa limeshavimba.

"Wamemuingiza kweli?" alimuuliza Marcellin, aliyebaki nje akilinda lango.

"Wamemuingiza. Hautamupata tena, mushenzi wewe!"

"Aksanti, papa." Sebahire alifuta damu mdomoni, akaanza kulia kama mtoto. "Sasa kuko mudogo wake, Thacienne. Ule iko na mwili dhaifu, fimbo hataiweza. Nikimuleta, makofi tu yatatosha?"