Mikono ya Nyani

Chui alipohamia bondeni, wanyama waliamua kwamba watalala juu ya jabali lililosimama wima, ambalo hata Chui hakuliweza, na Pimbi, mzaliwa wa mawe, akakubali kuwafundisha kupanda. Wanafunzi wa kwanza walikuwa Nyani, aliyejivunia mikono yake, na Mbuzi, ambaye mikono hakuwa nayo.

"Kupanda ni miguu," Pimbi alisema. "Tafuta pa kukanyaga, simama, ndipo usogee."

"Sawa, mwalimu," Nyani alijibu, akalishika jabali na kujivuta kwa mikono, miguu ikining'inia.

"Miguu, Nyani."

"Nimekusikia, mwalimu."

"Umenisikia, na bado unajivuta."

Walishinda hivyo mpaka Pimbi akakauka sauti. Jioni Chui akatokea. Mbuzi alipanda taratibu, akikanyaga na kusimama, hadi akafika juu. Nyani alikwama katikati, mikono imekufa ganzi, Chui yuko chini yake.

"Mbuzi, ndugu yangu, nipe mkono."

"Ningekuwa nao ningekupa," Mbuzi alisema.

"Kanyaga kwenye huo ufa," Pimbi alisema kwa uchovu. "Mguu wa kushoto. Huo ni wa kulia. Haya, hata huo."

Nyani akakanyaga, akasimama, akakanyaga tena, mpaka juu. Chui akaondoka na njaa yake.

Asubuhi wanafunzi wapya walikuja, wakamuuliza Nyani aliponaje.

Nyani akatunisha misuli. "Mikono," alisema. "Njooni niwafundishe."

Pimbi alimtazama, akaitazama ile miguu, akarudi kulala.