Saa Iliyokimbiza Tarehe

Mama mkwe alipoingia tu kuoga, fundi alipanda juu ya kiti pale sebuleni, akapenyeza kidole nyuma ya saa ya ukutani na kubonyeza mara moja. Nyumba nzima ikahamia kesho.

Akashuka, akarudisha kiti mezani, akaketi kama mtu anayesubiri chai.

Mkewe alikuwa safarini kikazi, na kabla ya kuondoka alimleta mama yake aje amwangalie mume, asije akafa njaa. Mama aliahidi kukaa mpaka tarehe ishirini, wala si siku moja pungufu. Tangu hapo fundi hakuwa na raha nyumbani kwake. Mtu hakai kifua wazi mbele ya mama mkwe. Hajinyooshi kwenye kochi, halambi vidole, na hata chafya huimeza. Mezani walikula wakitazama sahani, kila mmoja akimhimiza mwenzake aongeze, na hakuna aliyeongeza. Fundi alikuwa amekonda kwa adabu.

Saa ile aliiunda mwenyewe kwenye karakana yake ya redio na televisheni. Ilionyesha saa na tarehe kwa tarakimu nyekundu. Siku ya kwanza mama aliiulizia, na fundi akafurahi kupata la kuzungumza. Akamweleza kwamba ndani mna chipu ndogo kuliko ukucha, na kando yake kijiwe kinachotetemeka bila kuchoka. Chipu huhesabu ile mitetemo mpaka ipate sekunde, sekunde zikazaa dakika, dakika zikazaa saa, na saa zikazaa siku. Inajua mwezi upi una siku thelathini na upi una moja zaidi, na kila mwaka wa nne haisahau kumwongezea Februari siku yake. Umeme ukikatika, kuna betri ndogo ya mviringo inayoiweka macho.

"Na ikikosea?" mama aliuliza.

"Haikosei, mama. Labda mtu aibonyeze kwa nyuma."

Mama aliitikia kwa kichwa, akarudi jikoni.

Na mambo yalimnyookea fundi kweli. Simu ya mama iliharibika, naye akamkabidhi fundi huku akimwambia asihangaike nayo, kwani yeye ana haraka gani. Redio aliizima kila habari zilipokaribia, akisema inamuumiza kichwa. Basi mle ndani hapakuwa na tarehe nyingine ila ile ya ukutani, na fundi aliisogeza siku moja kila jioni. Asubuhi mama aliisoma kwa sauti, kisha akashusha pumzi ndefu na kusema siku zinakimbia. Fundi alimwonea huruma, ingawa si sana.

Kilichomtia wasiwasi ni saa yenyewe. Akiisogeza siku moja jioni, akirudi kazini kesho yake anakuta imejiongezea nyingine. Alibadilisha betri. Akabadilisha kijiwe. Mwishowe aling'oa chipu, akaweka mpya kabisa, na hiyo mpya nayo ikaruka vilevile.

Jambo hilo lilimkosesha usingizi. Chipu mbovu huchelewa, au husahau kila kitu ikarudi mwaka wa kutengenezwa kwake. Hairuki mbele kama panzi. Na alikuwa amewauzia majirani saa kama hizo, kwa hiyo alianza kuwakwepa njiani. Hata hivyo, kila iliporuka alishukuru kimoyomoyo.

Tarehe ishirini ikafika upesi kuliko alivyoota. Alipoamka alimkuta mama keshavaa, begi liko mlangoni. Mama alisema kwa huzuni kwamba angependa kukaa zaidi, lakini ahadi yake ndiyo imetimia. Fundi naye alisema kwa huzuni kwamba nyumba itapwaya. Kisha akalinyakua begi na kutangulia, mbiombio.

Kituoni karani aliandika tiketi, na juu yake akaandika tarehe ya kweli kwa wino mweusi. Fundi aliiona. Alinyoosha mkono aichukue haraka, lakini mama alikuwa ameshaikunja na kuitumbukiza kwenye pochi bila kuitupia jicho. Fundi akamshukuru Mungu kwa kuumba watu wasiosoma tiketi.

Basi liliponguruma, mama alifungua dirisha na kumwita asogee. Uso wake ulikuwa umekunjuka, unang'aa kama wa mwanafunzi siku ya kufunga shule. Fundi alitaka kumtakia safari njema, lakini mama alimuwahi.

"Saa yako nzuri sana, mwanangu," alisema kwa upole. "Ila hicho kitufe cha nyuma ukilainishe kidogo. Kimenichubua kidole."