Mstari wa Penseli

Ufa wa fremu ulikuwa pale pale chini ya kiti, mwembamba kama uzi wa kushonea vifungo. Mshonaji alipiga magoti kando ya baiskeli yake ya milimani, akaukagua kwa kucha.

Mwezi mzima alikuwa akimwomba Mungu amwonyeshe kama akope fedha za fremu mpya au aache. Kwenye ncha ya ufa alikuwa amechora mstari wa penseli, akaweka nadhiri: ukiuvuka kufikia leo, atakopa; usipovuka, fomu ya mkopo ataichana.

"Umevuka?" mumewe aliuliza kutoka jikoni. Yeye ndiye angekuwa mdhamini. "Kukopa harusi, kulipa matanga, mama watoto. Lakini nimechoka kukuona unaipangusa baiskeli kama mtoto mchanga."

"Subiri, baba watoto. Naangalia."

Haukuwa umevuka. Ulikuwa umesimama nyuma ya mstari, pengo lake upana wa sindano.

Nje ya dirisha mlima ulikuwa umetakata baada ya mvua. Aliikumbuka ile kona ya kuteremkia, upepo ukiingia kwenye mikono ya blauzi, na yeye, mtu mzima wa kushinda ameinamia cherehani, akipiga kelele za furaha peke yake.

"Bwana, wewe wanijua," alinong'ona.

Kisha akalamba kidole gumba, akakiweka juu ya mstari, akasugua mpaka rangi ya fremu ikabaki safi.

"Mama watoto! Umevuka?"

"Njoo na kalamu na ile fomu," alisema, bila kugeuka.