Meza ya Watu Watano

Treni ya kutoka Geelong ilipopita Footscray, ikikaribia Melbourne, Glenys alimpa Imogen homa. Alikuwa amefikiria kumvunja mguu, lakini mguu huchukua miezi kupona, na watu huulizia. Akatoa simu ya pili mkobani, akaliandikia kundi: "Wapenzi, nimeamka na homa kali, ndege ya Perth imeniacha. Kuleni chaza kwa niaba yangu." Akatuma, akaizima, akaifukia chini ya leso.

Imogen hakuwapo, wala hakuwahi kuwapo. Glenys alikuwa mpishi wa shule ya bweni kwa miaka thelathini, na alipojiunga na kundi lile la simuni la wapenda michoro hakuna aliyejali maoni ya mpishi. Basi akanunua simu nyingine na namba nyingine, akamzaa Imogen aliyesomea sanaa Italia. Kundi likachangamka. Wakawa watano: yeye, Imogen, Kelvin wa Bendigo, Odile wa Adelaide na Wiremu wa Wellington. Kila Jumapili mmoja aliweka mchoro, wengine wakaujadili mpaka usiku. Hawakuwa wameonana uso kwa uso hata siku moja.

Leo walikuwa wamepanga kukutana kwa mara ya kwanza, na Glenys alikuja kusema kweli. Alijua kweli hiyo itamnyang'anya Odile. Barry, mumewe, alipozikwa, ni Odile aliyemwandikia kila alfajiri mwaka mzima: "Amka, Glenys. Chai kwanza, machozi baadaye." Na ni Odile huyo huyo aliyesema husamehe yote isipokuwa uongo. Njia ya mwongo ni fupi, husema watu, lakini ya Glenys ilikuwa imefika miaka sita na alikuwa amechoka kuitembea.

Kelvin alimngoja mlangoni mwa jumba la sanaa, kando ya ukuta wa kioo unaotiririka maji. Alikuwa mrefu, kibiongo kidogo, na koti zito mkononi ingawa jua la Februari liliwaka. Hakuna aliyemshangaa. Melbourne hewa hugeuka mara nne kwa siku; anayetoka nyumbani bila koti ni mgeni.

"Wewe ndiye Glenys? Mbona mfupi hivi, na maneno yako ni marefu!"

"Na wewe ile picha yako ya kundini ulipigwa lini? Ukiwa unabatizwa?"

Wakacheka, kisha wakaoneana haya. Kelvin akaomba kwenda msalani, akaondoka na koti lake. Kabla hajarudi, simu ya Glenys ililia. Odile: mama yake ameanguka bafuni, yuko naye hospitali, hatafika. Glenys aliusoma ujumbe huo mara mbili.

Ndani, mlinzi alimwambia Kelvin aliache koti kaunta.

"Hapana, bwana. Vyumba vyenu vina baridi ya mochari."

Walitembea polepole. Mbele ya picha ya mwanamke aliyeficha mikono chini ya aproni, Kelvin alisimama. "Anayeficha mikono," alisema, "anaionea haya kazi yake."

"Loo, umesema kama Odile!"

"Miaka sita, Glenys. Watu huambukizana." Akaomba tena kwenda msalani. "Kibofu cha uzee," alijitetea. Alipokuwa huko, Wiremu naye akaandika: kazini wamemzuia, anaomba radhi.

Saa saba waliingia mkahawani, ghorofani, juu ya mto Yarra. Vitambaa vyeupe, glasi tatu tatu mbele ya kila kiti.

"Meza ya watano?" aliuliza mhudumu.

"Tumebaki wawili," alisema Glenys.

"Basi niondoe viti vitatu?"

"Ondoa viwili," alisema Kelvin. "Kimoja niwekee koti." Akalitundika, akaweka simu yake mezani kando ya uma.

Ikaletwa sahani kubwa yenye chaza mmoja.

"Ningewapa wanafunzi wangu hiki," alisema Glenys, "wangenila mimi." Lakini kicheko hakikutoka. "Nilitaka Odile awepo. Nilitaka nimtazame machoni."

"Labda ni heri hakuja."

"Unasemaje?"

"Watu wa kwenye simu, ukiwasogelea sana, wanapungua." Aliizungusha glasi bila kunywa.

Glenys hakuweza kungoja tena. "Kelvin, Imogen ni mimi. Hakuna Imogen. Nilimbuni."

Aliitegemea hasira. Haikuja. Uso wa Kelvin ulipauka tu, akawa mzee zaidi kuliko asubuhi.

"Imogen?" alisema kwa sauti ndogo. "Aliyekesha nami majira ya baridi yaliyopita? Aliyenifanya nirudishe zile dawa kabatini?"

"Ni mimi. Nisamehe."

Kelvin alitazama mto. Mhudumu aliondoa sahani, akaleta nyingine, wala hawakuigusa. Glenys akaanza kulia bila kujificha, maana hapakuwa na mtu wa kumfichia.

"Lazima niwaambie na wengine," alisema, akatoa simu.

"Usiwaambie." Kelvin aligeuka haraka. "Nakuomba, Glenys. Waache walivyo."

"Odile alinitoa kaburini, Kelvin. Nikimkosa sina mtu, lakini siwezi kuendelea kumdanganya."

"Glenys, ngoja kwanza. Ngoja nikwambie."

Alikuwa amekwisha andika: Imogen hayupo, nilimbuni mimi Glenys. Odile, Wiremu, nisameheni kama mtaweza. Kelvin alinyoosha mkono kumzuia, akachelewa. Glenys akatuma.

Simu ya Kelvin ikawaka kando ya uma. Kisha, kwenye kiti cha tatu, koti likatetemeka. Likanyamaza. Likatetemeka tena, mfuko wa pili.