Udongo wa Utafiti

"Tangi linatosha watu sita, na sita ndio tuliomo! Sasa maji ya moto yanaenda wapi, Profesa?" Bi Tabia alisimama na ndoo mbele ya mlango wa Ruphin, sauti imepandishwa makusudi ili mtaa mzima wa Mayfair usikie. "Tangu Jumapili naoga barafu!"

"Mama Tabia, mimi niko mtu mmoja. Chumba kimoja, mtu mmoja, si ndiyo sheria ya nyumba?" Ruphin akauvuta mlango nyuma yake.

Alikuwa na sababu ya kuogopa. Bi Tabia, Mtanga huyu, ndiye msimamizi wa nyumba. Neno lake moja kwa mwenye nyumba lilimtoa mpangaji mwenzao Joël mwezi uliopita, godoro kichwani. Na Ruphin amebakiza wiki tatu tu akabidhi tasnifu yake.

"Na udongo je? Naseeb wa Fordsburg anasema huishi kuununua dukani kwake."

"Wa utafiti, mama."

"Utafiti gani, miaka minne, hata picha hatujaonyeshwa?"

Hapo alitonesha kidonda.

"Hakuna picha! Chenyewe hakionekani!" Ruphin alilipuka. "Ni maada ya giza. Tunadhani imejikusanya katikati ya Jua. Sasa Jua linatupa chembe, nyutrino, zinapita ukutani, zinapita mwilini mwako, wala hazipigi hodi. Tuna mitambo barafuni kule Ncha ya Kusini, inazihesabu. Za Jua lenyewe tunazijua. Zikizidi, basi mle ndani kuna kitu kingine kimejificha."

"Kumbe ni kuhesabu tu."

"Kuhesabu tu!"

"Na zimezidi?"

"Eish! Sifuri. Kila asubuhi nafungua kompyuta, sifuri. Wenzangu wameshaoa, wamejenga, mimi niko na sifuri." Akaegemea fremu ya mlango, macho yamemwiva. "Ukitaka kunisemea kwa mwenye nyumba, nenda. Nimechoka."

Bi Tabia akaitua ndoo. Akamtazama kijana wa watu kuanzia kichwani hadi kwenye ndala.

"Njoo ule. Pilau imeiva."

"Asante mama, sina njaa."

"Nani kakuuliza wewe?" Akamsogeza kwa kiwiko, akainamia upenyo wa mlango. "Na wewe unayekula huo udongo, toka, mwanangu. Nimekupakulia cha watu wawili."