Titi la Sara

Gidahosh alikiri kosa kabla hajasomewa.

"Ndiyo, nimempiga," alisema, amesimama kwenye lango la boma, shuka jeusi amelizungusha kifua kizima. "Fahali wa faini yule pale. Mchukueni, mwende."

Wanawake wa kijiji cha Gendabi wakatazamana. Walikuwa wamejaa uwanja mzima, fimbo mikononi, kama mila inavyowataka mwanamume anapomdhuru mama wa watoto. Siku hiyo wanawake ndio mahakama, na hakuna mume anayethubutu kuwaingilia. Walijiandaa kubishana naye hadi jua lizame. Kukiri upesi namna ile kulimkera Scolastica kuliko kama mtu huyu angekana.

Scolastica ni dada mkubwa wa Sara, na Sara ndiye mke wa Gidahosh. Habari aliipata kwa Doris, jirani aliyekuwa nyuma ya Sara kwenye foleni ya kliniki. Sara alimwuliza nesi kwa sauti ya chini: uvimbe mgumu kwenye titi, ulioanza bila maumivu na sasa unatoa damu, unatibika? Doris hakusubiri jibu. Gendabi nzima jambo hilo halina mjadala, titi likipigwa ngumi linageuka kansa, ingawa hakuna aliyewahi kumwuliza nesi. Tena Sara alikuwa anaficha kitu. Hata shuka lake jekundu lilikuwa limechanwa pindo, na Scolastica alijua ni mkono wa nani uliolichana.

"Unamuua mdogo wangu polepole," alimwambia Gidahosh, "halafu unatutupia fahali kama mfupa!"

"Dada, subiri kwanza," Sara akaanza. "Siyo hivyo..."

"Nyamaza!" Gidahosh alimkatiza. "Uliniapia!"

Machozi yakamtoka Sara.

"Mmesikia?" Scolastica aliwageukia wenzake. "Anamtisha mbele yetu!"

Zizini, kina mama wengine walikuwa wamekwisha kumlaza fahali na kumziba pumzi. Alikoroma, akarusha miguu, akapiga ukuta wa miiba, kisha akatulia. Mila inaishia hapo. Scolastica hakuishia hapo.

Fimbo yake ya kwanza ilimpata Gidahosh begani. Ya pili ilimpasua sikio, damu ikachuruzika shingoni. Mwanamume aliyewahi kumkaba fisi kwa mikono yake hakuinua hata kidole kumzuia shemeji. Alikumbatia kifua tu, akajikunja. Woga ule ulimpandisha Scolastica hasira zaidi. Alitamani kumwona analia, na hakuona aibu kutamani hivyo.

"Toa mikono! Pale ulipompiga ndipo nitakapokupiga!"

"Shemeji, fahali si mmemchukua?"

"Toa mikono!"

Wanawake wawili wakamshika, wakamvuta mikono nyuma. Hapo ndipo Sara alipopiga kelele na kujirusha katikati yao.

"Siyo kifuani, dada! Mpige popote, siyo kifuani!"

Fimbo ilikuwa imekwisha kushuka. Ilimkita mumewe kifuani, upande wa kushoto. Gidahosh alitoa mlio ambao hakuna mwanamke pale aliyewahi kuusikia kwa mwanamume, akaanguka kwenye mavi ya ng'ombe. Scolastica akamkanyaga, akalishika shuka jeusi, akalivuta lote ili kila mtu amwone.

Kifua cha Gidahosh kilikuwa kimefungwa kwa pindo jekundu la shuka la Sara. Upande wa kushoto, juu ya uvimbe mkubwa kama ngumi, kitambaa kilikuwa kimekakamaa kwa damu ya zamani, na damu mpya ilikuwa inaanza kupenya.

Wanawake wakaziweka fimbo chini, mmoja mmoja. Gidahosh hakuwatazama. Alipapasa chini hadi akaupata mkono wa mkewe.

"Nifunike, Sara," alinong'ona. "Wataniita mwanamke."