Picha ya Kutangulia Jeneza

Tarehe tisa Julai, asubuhi ya manyunyu. Waombolezaji walingoja picha ya mzee Kitundu, ya kubebwa kutangulia jeneza lake. Kompyuta yenye mfumo wa Linux haikuiona kamera kuukuu ya marehemu, mpaka bintiye Nzilani aliposali kimoyomoyo, kisha akabadilisha mpangilio wa USB kwenye kamera. Picha zikamiminika: harusi, ubatizo, vicheko.

“Hata mbuzi wangu yumo!” shangazi alisema.

“Na baba yako, mwanangu?” mjane aliuliza.

Hakuwamo. Siku zote yeye ndiye aliyeshika kamera. Katika picha ya mwisho, kivuli chake kililala miguuni pa mjukuu.

Nzilani akasema mbele ya wote, “Mungu anamjua mwenye kivuli. Mama, hiki ndicho nitakachobeba.”